Waridi la jangwani halitaki huruma: kwa nini mimea ya ukame inagoma kuchanua nyumbani

Mwezi wa nane ukielekea wa tisa, kabla vuli haijabisha hodi, nyika ya Tsavo huwa imekauka hadi inatia huzuni. Vichaka vimebaki vijiti vya kijivu, vumbi jekundu limelala juu ya kila kitu, na abiria wa basi la Mombasa kwenda Nairobi hana cha kutazama. Kisha kinatokea kichaka kimoja juu ya mwamba. Hakina jani hata moja, shina lake limevimba upande wa chini, na kila ncha ya tawi imebeba maua ya rangi ya waridi iliyokolea. Hilo ndilo waridi la jangwani. Wataalamu wa mimea huliita Adenium obesum, na wauza maua wetu wengi wamelizoea kwa jina la adeniamu.

Mmea huohuo ukifika nyumbani, Tabata au Umoja, mambo hugeuka. Unapewa chungu chenye nakshi, udongo mweusi wa bustani, maji kila asubuhi na nafasi ya heshima sebuleni karibu na televisheni. Miezi inapita. Majani yanatoka mengi, mapana, ya kijani kibichi, ila ua hulioni. Masika inaingia, shina linalainika chini, na siku moja unaligusa na linakuinamia mkononi. Mwenye nyumba anasema hana mkono wa maua.

Mkono anao. Amekosea msimu, na mara nyingi amekosea kwa sababu ya ushauri aliosoma mtandaoni. Karibu maelekezo yote ya kutunza mimea ya jangwani yameandikwa na watu wa nchi zenye theluji kwa ajili ya watu wa nchi zenye theluji. Wanasema mwagilia kiangazi, nyima maji majira ya baridi, weka dirisha linaloelekea kusini. Ukiyafuata Dar es Salaam au Kisumu neno kwa neno, utakuwa umepanga saa ya mmea kinyumenyume. Wao kiangazi ni miezi ya joto ambayo mmea unakua. Kwetu kiangazi ni ukame, na ukame ndio mapumziko yake.

Asili ya mmea huu inasaidia kuelewa. Mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, Peter Forsskål, aliukuta Yemen mwaka 1763, akafariki hukohuko mwaka uleule, na maelezo yake yakachapishwa 1775. Lakini makazi yake ni mapana kuliko Yemen: unaanzia Senegal, unapita ukanda wote wa Saheli, unashuka Ethiopia, Somalia, Kenya na Tanzania, na ng'ambo ya bahari unafika Dhofar kule Oman. Yaani huu si mgeni aliyeletwa kwa meli. Ni mwenyeji wa nyika zetu, na anachofuata ni mvua na ukame, wala si baridi na joto. Ukiwa mkavu hudondosha majani, hubaki na akiba ya maji iliyo ndani ya shina na mizizi minene, hupigwa na jua miezi kadhaa, halafu huchanua. Mvua ikija hutoa majani na kujaza akiba upya.

Katika mzunguko huo, sehemu tunayoifuta nyumbani ni ile ya ukame. Mmea usiokauka kamwe hauna sababu ya kuacha kuota majani. Una maji, una mbolea, basi unakula na kunenepa. Maua ya kutosha huja pale ambapo umepumzika, umepigwa na jua kali, na ncha za matawi zimekomaa.

Tuanze na jua, maana hapo ndipo wengi tunapojidanganya. Jicho la mtu ni chombo kibovu cha kupimia mwanga kwa sababu linajirekebisha. Nje, saa sita mchana anga likiwa jeupe, mwanga hufika kama laksi 100,000. Ndani ya sebule, hatua chache kutoka dirishani, zinabaki laksi mia chache tu, na bado wewe unasoma gazeti bila taabu na kuona chumba kina nuru tele. Kwa mmea wa jangwani hilo ni giza. Adeniamu inataka jua la moja kwa moja saa sita kwa siku au zaidi. Ikikosa, matawi hurefuka na kuwa membamba yakitafuta mwanga, majani huachana mbalimbali, na maua hayaji hata uweke mbolea ya bei gani.

Kuhusu upande wa dirisha, sahau habari za kusini. Ulaya yote iko mbali kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana kwao liko kusini mwaka mzima. Kwetu jua linahama. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, miezi iliyobaki liko kusini. Nairobi wanagawana karibu nusu kwa nusu. Tena adhuhuri jua letu linakuwa juu ya utosi, na paa la baraza au sakafu ya ghorofa ya juu yako inalikata lote. Ndiyo maana kibaraza kinachotazama mashariki au magharibi hufaa zaidi: jua la saa mbili asubuhi au la saa kumi jioni linaingia kwa mshazari hadi ndani. Kama una paa la zege unaloruhusiwa kupanda, usitafute pengine.

Ila usiutoe mmea juani ghafla. Miche mingi ya kando ya barabara ya Bagamoyo au Ngong Road imekaa chini ya neti ya kivuli tangu ichipue. Ukiinunua Jumamosi na kuiweka juani Jumapili, gome la upande wa magharibi litababuka, na kovu hilo halifutiki. Ipe jua la asubuhi kwanza, ongeza kidogokidogo, wiki moja au mbili zinatosha.

Udongo na siri ya mawe chini ya chungu

Hapa ndipo panapoua mimea mingi kuliko wadudu wote wakiwekwa pamoja, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna desturi tuliyorithi kila mahali: kabla ya kupanda, tia kokoto chini ya chungu ili maji yashuke. Inaingia akilini, lakini inafanya kinyume. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, iloweshe hadi ishindwe kubeba zaidi, kisha ishike imelala bapa. Itadondoka, kisha itaacha, na bado imejaa maji. Sasa isimamishe wima kwa upande wake mrefu. Inaanza kudondoka tena. Sifongo ni ileile na maji ni yaleyale, kilichobadilika ni urefu wa safu ya maji. Udongo wa chungu nao uko hivyo. Sehemu ya chini kabisa hubaki imeloa hata baada ya maji kuacha kutoka tunduni, kwa sababu vinyweleo vya udongo vinayashikilia. Ukiweka tabaka la kokoto, maji hayavuki kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe mpaka udongo ule ushibe kabisa. Kwa hiyo lile tope halijaondoka, limepanda juu tu, karibu zaidi na mizizi. Umefupisha chungu chako kwa vidole vinne na kuufanya mmea ukae karibu na kinamasi.

Kokoto zichanganywe na udongo wenyewe, wote, toka chini hadi juu. Mchanganyiko mzuri ukiubana mkononi ukiwa umelowa na kufungua kiganja, unasambaratika. Ukibaki bonge lenye alama za vidole, haufai. Vitu vya kuutengenezea viko mtaani: mchanga mnene wa mto uliochekechwa ili vumbi litoke, matofali ya kuchoma yaliyopondwa kwa ukubwa wa punje za mahindi, chenga za mkaa ambazo muuza mkaa hukupa bure, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Watu wa Arusha na Moshi wana bahati ya changarawe nyekundu ya volkano, ile nyepesi yenye matundu. Wa Naivasha wana mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini. Mimi huweka udongo wa kawaida au mboji iliyooza vizuri isiyozidi robo, na bado naona kwa watu wa pwani hata robo ni nyingi. Mchanga wa baharini uachwe ufukweni: una chumvi, na punje zake nyingi ni laini mno.

Chungu cha udongo wa kuchoma kinapumua ubavuni na kukauka haraka, kwa hiyo kinamsamehe mtu mwenye mkono mzito wa kumwagilia. Plastiki haisamehi, lakini kopo la rangi la lita nne lililotobolewa matundu mengi kwa msumari wa moto linafanya kazi kuliko chungu cha kauri cha bei mbaya chenye tundu moja. Chungu kisicho na tundu kabisa, hata kiwe kizuri vipi, ni cha kuwekea funguo. Upana una maana kuliko kina, maana mizizi hii hutambaa. Na chungu kisizidi sana ukubwa wa mizizi, kwa sababu udongo usio na mzizi ndani yake hauna wa kuunywesha, unakaa na maji tu.

Maji hufuata majani

Swali la kila mtu ni mara ngapi kwa wiki. Hakuna jibu la wiki. Kanuni ninayoiamini ni moja: maji hufuata majani.

Jani ndilo linalotoa maji hewani. Mmea wenye majani mengi, juani, kwenye upepo wa kaskazi wa Januari, unaweza kukausha chungu kwa siku mbili au tatu, na huo unywesheni hadi maji yatoke chini. Mmea uliodondosha majani umefunga bomba. Maji utakayoupa yatabaki palepale yakiizunguka mizizi iliyolala, bila hewa, na kuvu huanza kazi. Kosa la kawaida ni hili: majani yanageuka manjano na kuanguka, mwenye mmea anashtuka, anaongeza maji. Ilitakiwa apunguze.

Kwa hiyo kalenda ya mtu wa pwani ingeenda hivi, kwa makadirio. Kaskazi na joto lake, mmea ukiwa na majani, mwagilia kwa ukarimu kila udongo unapokauka. Masika, uingize chini ya paa. Mvua ya siku tano mfululizo bila jua ni hatari kuliko ukame wa miezi miwili. Watu huuliza mbona mwituni unanyeshewa. Mwituni uko kwenye mteremko au ufa wa mwamba, na mvua yenyewe ni haba: Voi hupata karibu nusu ya mvua ya Dar es Salaam, ambayo huzidi milimita 1,000 kwa mwaka. Kipupwe hewa inapoa, punguza. Demani ndiyo kiangazi chake cha kweli: uache ukauke, jua lote, maji kidogo sana kila baada ya wiki mbili au tatu hivi ili mizizi myembamba isife. Ukiona vichipukizi vyekundu vya maua nchani, rudisha maji taratibu. Si lazima mmea wako ukutii mwezi kwa mwezi, na ukichanua Februari usiubishie.

Nairobi na miinuko mingine habari ni tofauti kidogo. Julai usiku hushuka hadi nyuzi 11 au 12, mawingu yanatanda mchana kutwa, na mmea unasimama kabisa. Hapo baridi na ukavu viende pamoja: mmea mkavu unavumilia ubaridi ambao mmea uliolowa hauvumilii. Chini ya nyuzi 10 hivi hudondosha majani, na umande wa kuganda wa Njombe au Limuru utauua. Huko bati la plastiki lisilozuia mwanga, lililofunikwa juu ya ukuta unaopata jua, linasaidia sana.

Kupima unyevu, kidole hakitoshi kwa sababu juu hukauka siku nyingi kabla ya chini. Chomeka kijiti cha mshikaki hadi karibu na sakafu ya chungu, kiache dakika kadhaa, kitoe. Kikitoka na punje zilizonata na rangi iliyokolea, ondoka na jagi lako. Kwa chungu kidogo, uzito unatosha: kinyanyue kikiwa kimelowa, kinyanyue kikiwa kikavu, mkono utajifunza wenyewe.

Kisha kuna shina. Likiwa gumu liko sawa. Likiwa limelegea kwa mwili mzima, na ngozi imekunjamana kidogo, lina kiu, na ukilinywesha litajaa ndani ya siku chache. Lakini likilegea sehemu moja tu, hasa kwenye mstari wa udongo, na ukibonyeza gome linateleza juu ya nyama, na kuna harufu ya kitu kilichovunda, huo ni uozo, nao hausubiri wikiendi. Ling'oe, osha mizizi, kata kwa kisu kikali kilichopitishwa kwenye moto au spiriti, na endelea kukata mpaka nyama yote unayoiona ni nyeupe ya krimu bila hata doa la kahawia. Futa kisu kila unapokata. Paka jeraha unga wa salfa au wa mdalasini, litundike kivulini penye hewa wiki moja au mbili hadi lifunge ngozi ngumu, halafu lipande kwenye mchanganyiko mkavu na usimwage maji mpaka wiki ipite. Hata shina lililobaki nusu huweza kutoa mizizi mipya pembeni. Linapona na umbo la ajabu, na wapo wanaolipenda zaidi hivyo.

Kalankoe na taa ya baraza

Si kila mmea mnono unaochanua unasubiri ukame. Kalankoe, ile yenye majani manene ya kung'aa na vishada vya maua madogo mekundu, ya manjano au ya chungwa, inauzwa ikiwa imechanua, inapendeza mwezi au zaidi, kisha inakuwa majani milele. Asili yake ni Madagaska, na inachosubiri ni urefu wa usiku. Inahitaji giza lisilokatizwa la karibu saa 12 au zaidi, kwa wiki kama sita mfululizo, ndipo iamue kutoa maua.

Kwa mtu wa Ulaya hii ni kazi ya kufunika boksi kila jioni. Kwa mtu wa ikweta usiku wetu unakaribia kutosha mwaka mzima, ingekuwa rahisi mno, isipokuwa tuna taa. Ile taa ya ulinzi ya baraza inayowaka toka magharibi hadi alfajiri, au taa ya sebule inayozimwa baada ya taarifa ya habari na tamthilia mbili, inatosha kuuambia mmea kwamba bado ni mchana. Wakulima wa krizanthemu, ambazo nazo hufuata usiku mrefu, hutumia hila hiyohiyo kwa makusudi: huwasha taa usiku katika mabanda yao ili mimea isichanue kabla ya wakati. Wewe unafanya hivyo bila kujua. Hamishia kalankoe yako mahali pasipofikiwa na taa yoyote baada ya jua kuzama, iwe dirisha la stoo au kona ya nyuma ya nyumba, ilimradi mchana inapata jua.

Mimea ya ukoo huu ina jambo jingine la kustaajabisha. Mwanzoni mwa karne ya 19, Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa India, aliandika kuwa majani ya mmea mmoja wa ukoo wa kalankoe ni makali kwa uchachu asubuhi, hayana ladha adhuhuri, na jioni yana uchungu kidogo. (Usijaribu: zina sumu ya moyo.) Sababu ni kwamba mmea hufungua vitundu vyake vya hewa usiku, wakati hewa imepoa na maji hayapotei sana, unavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi kama asidi. Kukicha unafunga vitundu na kuitumia asidi hiyo juani. Mishubiri nayo hufanya hivyo. Kwa mtunzaji maana yake ni moja tu, lakini ni kubwa: mmea huu hutumia maji kidogo mno wakati mchicha wa jirani yake unakunywa ndoo. Vikiwekwa kwenye ratiba moja ya kumwagilia, kimoja kitakufa.

Taji la miiba, Euphorbia milii, nayo ya Madagaska, ndiyo ninayompendekezea mtu anayeanza. Jua, maji ya kiasi, basi. Inachanua karibu mwaka mzima hata kwa mtu mvivu. Utomvu wake mweupe usifike machoni.

Chakula, kisu, na mambo ya sumu

Mbolea tunazozipata kirahisi dukani ni za mahindi. Urea na CAN ni nitrojeni, na nitrojeni ni majani. Ukitaka maua, ziache kwa mahindi. NPK ya 17:17:17, nusu kijiko cha chai kwa chungu cha kati, mara moja kwa mwezi wakati mmea una majani na unakua, inatosha. Mmea uliolala hauli. Samadi ya kuku isiyooza inaunguza mizizi.

Kupogoa kunasaidia maua kwa sababu adeniamu huchanua nchani. Tawi moja ukilikata hutoa mawili au matatu, kila moja na ncha yake. Kata theluthi hivi, msimu mkavu, kamwe si masika, kwa sababu jeraha lenye maji ni mlango wa uozo. Maua hufuata baada ya miezi miwili au mitatu kama jua lipo. Na ukihamisha chungu, pandisha mmea juu kidogo kuliko ulivyokuwa, ili sehemu ya mizizi minene ionekane. Lile tumbo la mviringo ambalo watu hulilipia pesa nyingi hutengenezwa hivyo, sentimita chache kila mara.

Vaa glovu unapokata. Utomvu wake una kemikali zinazosimamisha moyo, na si maneno ya kutishia watoto: Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi huuchemsha kupata sumu ya mishale yao ya kuwindia. Kugusa ua hakuna neno, lakini mikono ioshwe kwa sabuni, na mmea ukae mbali na mtoto anayetia kila kitu mdomoni na mbuzi asiye na adabu.

Cha ajabu, kuna kiumbe anayeula bila wasiwasi. Ukiamka na kukuta tawi zima limebaki vijiti, na chini kuna vinyesi vyeusi vikubwa vya mviringo, tafuta kiwavi mnene wa kijani mwenye madoa mawili ya buluu yanayofanana na macho karibu na kichwa. Ni mtoto wa nondo mkubwa, Daphnis nerii. Mchana hujificha, kwa hiyo nenda na tochi usiku na umtoe kwa mkono, dawa haina haja. Vidung'ata weupe kama pamba kwenye makutano ya majani huondoka kwa mswaki na maji ya sabuni, na mafuta ya mwarobaini yakipigwa jioni huzuia wasirudi. Utitiri huja wakati wa joto kavu. Majani yakipauka kwa vidoadoa, yanyunyizie maji kwa nguvu upande wa chini.

Kwa walio mbali

Ndugu zetu wa Minneapolis au London ndio ambao maelekezo ya Kizungu yanawafaa, kwa hiyo wao dirisha la kusini ni sahihi. Kuanzia Novemba majani yataanguka. Msiutupe, upeni maji kidogo mara moja kwa mwezi na muuweke mbali na dirisha linaloganda. Walio Muscat tatizo lao ni chungu cheusi cha plastiki kwenye jua la Juni, kinachopika mizizi wakati matawi yako salama. Chungu kiwekwe ndani ya kingine chenye rangi nyeupe, au kivulini baada ya adhuhuri. Kule Dhofar wenyewe unaota milimani na kutoa majani wakati wa manyunyu ya khareef, kati ya Juni na Septemba.

Neno kuhusu kununua. Utaona mashina makubwa ya kutisha yakiuzwa bei ya kutupa, mizizi mikuu imekatwa butu, gome lina michubuko, na ukilitikisa linacheza ndani ya ndoo kwa sababu halijashika. Hilo limechimbwa nyikani, huenda lina umri kuliko wewe, na mengi huoza kabla ya kupona. Miche ya kitaluni iko ndani ya viriba, ni midogo, shina lake ni laini na la mviringo bila kovu. Nunua huo. Unakua haraka kuliko unavyodhani.

Wenye subira waanzie kwenye mbegu. Ua likichavushwa, jambo ambalo si la kila siku nyumbani, hutoka pembe mbili zilizoungana kwenye shina moja. Zifunge uzi au zivishe kipande cha soksi nyembamba mapema, kwa sababu zikikomaa hupasuka, na mbegu zenye manyoya ncha zote mbili hupeperuka zote. Zilaze bapa juu ya mchanganyiko mlaini kidogo, funika kwa kiasi cha kuficha tu, na kwenye joto la pwani mbegu mpya huota ndani ya wiki. Maua ya kwanza huja kati ya mwaka mmoja na miwili. Rangi haitabiriki, mama mwekundu huzaa watoto wa waridi na hata weupe. Mwenye kutaka rangi ileile hukata tawi na kulipandikiza juu ya mche wa mbegu: kata zote mbili bapa, unganisha haraka kabla utomvu haujakauka, funga kwa ukanda wa nailoni, weka kivulini pakavu hadi kichipukizi kitembee. Hivyo ndivyo wakulima wa Thailand na Taiwan wanavyozalisha yale maua ya tabaka mbili na tatu tunayoyaona kwenye simu. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo yakatwe mapema, la sivyo msimu hauishi utakuwa na rangi ya mzizi badala ya ile uliyolipia.